Aliyempa Mama Usiva

Juzi jirani yangu hapa Kawajense aliunguza wali. Aliuacha jikoni akaenda kuchungulia ugomvi wa watu mtaa wa pili, na ugomvi ukawa mtamu kuliko alivyotegemea. Harufu ya ukoko ikapita juu ya ukuta ikanikuta nafua. Mvua ilikuwa imenyesha kidogo, mabati yananuka unyevu. Ukoko ulioungua na bati lililolowa. Nikakaa hapohapo kwenye ndoo iliyopinduliwa, povu mikononi, na mwanangu wa mwisho akaniuliza kama sukari imeshuka. Nikamwambia ndiyo, imeshuka. Ni rahisi kusema sukari.

Ile ndiyo harufu ya usiva. Nyie wa rika langu mliokulia Mpimbwe mnaujua, na najua pia kwamba hampendi kuutaja mbele za watu. Wengine mtasema ni mambo ya kishamba. Sawa. Sikuja kumshawishi mtu. Nasimulia nilichokiona nikiwa mtoto mwenye mapengo ya meno ya mbele, na sina sababu ya kukipamba, maana kati yetu hakuna hata mmoja aliyetoka na faida.

Tulikuwa tunaishi Mamba, mimi, mama yangu na bibi aliyemzaa mama. Baba alikwenda Ikola kutafuta dagaa wa kuuza, akapata dagaa, akapata na mwanamke wa hukohuko, akabaki na vyote viwili. Bibi alikuwa akisema ziwa limemmeza. Kwa utoto wangu nilidhani amezama, nikawa namwombea kila Jumapili pamoja na marehemu wengine. Hakuna aliyenisahihisha.

Mama alianza kuumwa kifua kabla mpunga haujachanua. Miaka ile watu walikuwa wanapukutika, vijana kuliko wazee, na kila msiba ulikuwa na jina lake la adabu: huyu kifua, yule tumbo, yule karogwa na mke mwenzake. Mama alipelekwa hospitali Mpanda mjini juu ya lori la mahindi, akarudi juu ya lori jingine, na aliyerudi alikuwa mwepesi kiasi kwamba dereva alimshusha peke yake akamweka barazani kwetu. Huko walikuwa wamemwambia bibi amlishe vizuri na amwombee. Bibi aliyaelewa maneno hayo. Mimi niliyapokea kama habari njema, kwa sababu nilipenda chakula na sikuchukia sala.

Basi, usiva. Mti wenyewe, msiva, hauna lolote la kumtisha mtu. Ni kijiti cha kimo cha mwanamke kinachoota kwenye mawe huko mlimani juu ya mashamba, majani manene, na ukikikwaruza gome kinatoa utomvu mweupe ambao ukikauka unakuwa mwekundu kama tofali. Utomvu huo ndio usiva. Ukiingia jichoni unapofua. Mbuzi akila majani yake anapona kila kinachomsumbua, ananenepa, manyoya yanang'aa, lakini mtoto wake akija kunyonya anampiga teke. Kwa hiyo sisi watoto tulikatazwa kuchungia upande ule.

Kwa binadamu ulikuwa unaponya karibu kila kitu. Sisemi kupunguza, nasema kuponya. Ila hauponyi kwa kunywewa tu. Lazima mgonjwa aulambe kwenye kiganja cha mtu anayempenda, na mgonjwa mwenyewe awe anampenda huyo mtu kwelikweli, maana usiva haudanganyiki. Ukiwekwa kwenye mkono wa jirani mwema au wa shemeji wa kujipendekeza, haumtoi mgonjwa hata jasho. Unalila lile pendo, na hilo ndilo linaloufanya uwe dawa. Mgonjwa anaamka mzima, na yule aliyempa mkono anakuwa hajulikani tena kwake. Si kwamba anamchukia. Hamjui tu, kama usivyomjua abiria uliyekaa naye stendi. Na ni mwiko kuambiwa. Siku akiambiwa kwamba huyu ni fulani wako, dawa inatoka mwilini na ugonjwa unaendelea pale ulipoishia.

Ndiyo maana watu hawakuutumia ovyo. Palikuwa na mwanamume mmoja wa upande wa mtoni aliyempa mkewe, mke akapona vizuri sana, akapata mchumba mwingine, na yule mume akachangia harusi. Watu walikuwa wanaisimulia habari hiyo huku wanacheka. Nadhani walikuwa wanacheka kwa kukosa la kufanya.

Siku moja kabla ya kumpa mama usiva, bibi aliacha kazi zote. Hilo peke yake lilinishangaza, kwa sababu bibi alikuwa mtu wa kupalilia hata mahali palipokwisha paliliwa. Alimkogesha mama, akamsuka, akakaa naye mkekani mchana kutwa akimuuliza vitu visivyo na maana. Alimuuliza kama anataka uji. Mama akajibu sitaki, mama. Bibi akasogeza sikio, akasema umesemaje? Mama akarudia, sitaki, mama. Mara jua linakuchoma? Hapana, mama. Eti? Hapana, mama. Ikaendelea hivyo mpaka mama akachoka, akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi.

Mimi nikajua bibi ameanza uziwi. Jioni nilipokwenda kuchota maji nikawatangazia wenzangu kwamba bibi yangu hasikii tena, mtu akimsalimia apige kelele. Kesho yake walikuja kweli wakamsalimia kwa kelele, na bibi akawatimua na mwiko. Alikuwa anasikia hata panya wa darini. Ilinichukua miaka mingi, mpaka na mimi nilipokuwa na mtoto wa kuniita, kuelewa alikuwa anakusanya nini siku ile.

Alimpa alfajiri. Homa ilikuwa imempanda mama hata hajitambui, macho yamegeukia juu. Bibi alikuwa ametoka mlimani, umande mpaka magotini, na usiva kwenye jani. Aliumimina kiganjani, akakiinua kichwa cha mama kwa mkono mwingine, na mama akaulamba wote, ulimi unapita katikati ya vidole kama wa mtoto anayelamba asali. Nyumba nzima ikanuka ukoko. Bibi alimlaza, akamfunika, akatoka nje kunawa. Alinawa kwa muda mrefu sana, na maji yenyewe tuliyachota mbali.

Jua lilipokuwa limepanda mama aliamka akaomba ugali. Akaketi mwenyewe. Akanivuta akanibusu utosini, akaniuliza kwa nini nywele zangu ni chafu hivi, nani alikuwa ananiangalia. Kisha akamwona bibi amesimama mlangoni na bakuli la mboga. Akajivuta kanga, akakaa sawa.

"Shikamoo, bibi," akasema. "Karibu ukae, mbona umesimama?"

"Marahaba," bibi akajibu, na hakuongeza neno. Siku zote alikuwa anaongeza "mwanangu".

Nyie mnajua watu wa kwetu tunavyoitana. Mwanamke akishazaa, jina lake la ubatizo linafungiwa sandukuni, anaitwa kwa mtoto. Bibi alikuwa na mtoto mmoja tu aliye hai, mama yangu Veneranda, na kwa hiyo Mamba nzima ilimwita Mama Vene, tangu padre mpaka mlevi. Sasa jina hilo likawa sumu. Wanawake wa jumuiya walipita nyumba kwa nyumba kukumbushana, na ndani ya muda mfupi kijiji kizima kikajifunza kumwita Leokadia. Mama aliambiwa kwamba Leokadia ametumwa na jumuiya kuja kumsaidia mpaka apate nguvu. Mimi niliambiwa nikikosea nitamuua mama, lakini kwa jinsi nilivyoambiwa nilielewa kwamba ni mchezo wenye adhabu kali, kama ule wa kutokucheka. Nikaupenda. Nilikuwa namwita bibi yangu "mgeni" na kumkaribisha chakula kwa madaha. Baada ya siku kadhaa nilimuuliza mchezo unaisha lini. Akaniambia nikapeleke kuku bandani.

Sitawadanganya, ule ulikuwa msimu mzuri kuliko yote niliyowahi kuishi. Mama alirudi kwenye majaruba ya mpunga. Alikuwa anainama alfajiri na kuinuka jua likizama, miguu imejaa tope, anaimba. Alininenepesha. Bibi alihamisha mkeka wake jikoni, kama anavyolala msaidizi, na mama alikuwa akimwonea haya kwa sababu ni mtu mzima. Alimpa kigoda kizuri. Alimwekea kipande kikubwa cha samaki. Alimuuliza kwao ni wapi, na bibi, ambaye ziwa hajaliona hata siku moja, akajibu Ikola. Mama akamuuliza ziwa likoje. Bibi akawaza, akasema lina maji mengi.

Siku nyingine mama alimpa kitenge kipya, akamwambia amekwisha pata nguvu, kama anataka kurudi kwa watoto wake aende tu, wasije wakamlilia. Alisema kwa upole kabisa. Bibi akakipokea kitenge kwa mikono miwili na kupiga goti kidogo, kama anavyopokea mtu baki. Akasema watoto wake ni wakubwa, wanajitegemea.

Lakini mama hakuwa mjinga. Alizaliwa Mamba, alijua mtu haponi vile bure. Alijua kuna mtu aliyempa mkono, na kwamba mtu huyo anapita mbele yake kila siku. Alianza kumtafuta. Kanisani, pale padre anaposema tupeane amani, mama alikuwa anashika mkono wa kila mtu anayemfikia na kuushikilia, anamwangalia mtu usoni mpaka mtu anainamisha kichwa. Foleni ya komunyo ikapita, yeye anahesabu nyuso. Bibi alikuwa anakaa benchi la mwisho, karibu na mlango, asifikiwe. Na mtu akitaja habari za wazazi, mama alikuwa anaanza kusema, "Mama yangu..." kisha anageuka huku na huku kama aliyeingia chumbani akasahau alichofuata. Halafu anaanza kufagia.

Ng'ambo ya majaruba walikuwa wamehamia Wasukuma na ng'ombe wao, watu waliotoka kaskazini kutafuta malisho. Mmoja wao, Mama Kulwa, alikuwa anatuletea maziwa na sisi tunampa pumba. Mwanamke mrefu, mwenye huruma inayoweza kumaliza watu. Naye aliujua msiva, ila kwa upande wake. Kwa mchungaji msiva si dawa, ni balaa. Ng'ombe akiula anamkataa ndama. Na wao, wanaoishi kwa maziwa, walikuwa na njia yao ya kuuvunja: wanampaka ndama chumvi mwili mzima na kumsogeza kwa mama yake. Ng'ombe anapenda chumvi. Analamba, analamba, na katika kulamba anamrudia mtoto wake.

Mama Kulwa alikuwa ameona. Mama na bibi walikuwa na mwanya uleule, kucheka kulekule kwa upande mmoja, na mmoja anamwita mwenzake mgeni. Akaunganisha. Alimfuata bibi jikoni, nami nilikuwepo napembua mchele, akamweleza habari ya chumvi. Kwao hawamwachi ndama alie, alisema. Bibi akamjibu kwamba watu si ng'ombe, na akamwomba afunge mdomo wake kwa ajili ya Mungu. Mama Kulwa akaitikia, ila machozi yalikuwa yanamtoka, na mtu anayelia hivyo hajakubali.

Mimi ile habari ya chumvi iliniingia kuliko katekisimu.

Ilikuwa wakati wa kupepeta. Mama alikuwa na ungo, bibi anamwagia mpunga, makapi yanapeperuka, wote wawili weupe kwa vumbi. Mama Kulwa akaja na kibuyu cha maziwa, na mkono mwingine umefumbwa. Hakusalimia. Alimshika bibi kifundo cha mkono, akakisugua kiganja chake kwa chumvi aliyokuja nayo, akakisogeza kwa mama.

"Dada, huyu ni mama yako," akasema. "Mwangalie meno. Mshike, utamkumbuka."

Mama aliangalia. Namwona mpaka leo, ungo umesimama hewani. Alimwangalia bibi kuanzia miguu mpaka kichwa, taratibu, na uso wake ulikuwa na adabu tu. Aliinua mkono kama anataka kumgusa. Kisha akakohoa, na kile kikohozi nilikijua. Ungo ukaanguka, mpunga ukamwagika kwenye mavumbi.

Mama Kulwa alikaa nje ya boma letu akilia mpaka wanaume wa kwao walipokuja kumchukua. Hakuna aliyemtukana. Alikuwa ametenda wema kwa elimu aliyokuwa nayo, na wema wa namna hiyo unauma zaidi maana huna hata wa kumchukia.

Ugonjwa uliendelea pale ulipoishia. Ndani ya muda mfupi mama alikuwa mwepesi tena. Bibi alipanda mlimani, akarudi, akajaribu mkono wake mwenyewe, na usiva haukufanya kitu, kwa sababu sasa ulikuwa mkono wa mtu baki. Alijua hautafanya kitu, alijaribu tu. Halafu akaniita uani, akachuchumaa macho yetu yakawa sawa, akaniambia umebaki mkono wangu. Akanieleza yote waziwazi, bila mchezo safari hii. Mama atapona. Mama hatanijua. Nitakaa humu ndani kama mtoto wa kulelewa, na sitamwita mama mpaka nife.

Nilikubali upesi mpaka bibi akanitilia shaka. Hakujua kwamba nilikuwa nimekwisha pata dawa yangu. Niliona chumvi ya Mama Kulwa ilishindwa kwa sababu ilichelewa. Mimi ningeiweka mapema, chini ya usiva, vyote vilambwe pamoja, kimoja kimponye na kingine kinirudishe. Asubuhi ile nilikwenda kwenye kopo la chumvi, nikajipaka kiganja kizima, nikafumba.

Mama alikuwa na akili zake, hiyo ndiyo ilikuwa tofauti. Bibi alinimiminia usiva kiganjani, mimi nikapiga magoti pembeni ya mkeka na kuupeleka mkono wangu mdomoni kwa mama. Alisikia harufu. Alinitazama, akatazama mkono, akafunga meno. Bibi akamwambia afungue kinywa. Mama akageuzia uso ukutani. Nikausogeza mkono tena, akaukamata, akachukua pindo la kanga yake akaanza kunifuta, kidole kimoja baada ya kingine, mpaka kwenye kucha. Nguvu alikuwa hana, lakini kwa kazi hiyo alizipata.

"Bibi," akasema alipomaliza, na alikuwa anasema na mama yake. "Yule Msukuma kasema wewe ni mama yangu. Watu wote mnanyamaza, basi najua ni kweli. Lakini nakutafuta humu ndani sikupati. Nisamehe."

"Sikudai kitu," bibi akasema. "Mwache mtoto akupe."

"Huyu ninaye. Nikimwangalia namjua. Ukinichukulia na huyu, nitapona niwe nani?"

"Utakuwa hai. Na yeye atakuwa na mama."

"Atakuwa na mwanamke anayemwambia karibu mgeni."

"Heri huyo kuliko kaburi."

Mama akapumzika, pumzi zilikuwa zinamwishia kati ya neno na neno. Kisha akamuuliza bibi, si kwa ubaya, kama mtu anayetaka kujua kweli. "Wewe ungekubali mtoto wako asikujue?"

"Nilikubali," bibi akasema. "Na kesho ningekubali tena."

Wakaangaliana. Nilikuwa katikati yao, mkono umefutwa, nanuka ukoko. Mama alimwangalia bibi kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kumwangalia mtu yeyote kanisani, na nikaona anatafuta kwa nguvu zake zote, mishipa ya shingo imesimama. Hakupata.

"Mimi siwezi," akasema.

Mnajua mtoto alielewa nini? Mtoto alielewa kwamba mama kakataa kwa sababu ya chumvi. Kwamba alinusa mkono mchafu akauona unamtia kichefuchefu. Nikatoka mbio nikanawa, nikasugua kwa majivu, nikarudi na mkono safi unawaka kwa kusuguliwa. Nikamwambia sasa hauna kitu, mama, umeona. Akaushika akauweka kifuani pake, akasema ni mkono mzuri sana. Lakini usiva hakuulamba, siku ile wala siku nyingine yoyote, na mimi nikaingia nao ukubwani huo uchungu kwamba mama alikichagua kifo kuliko mkono wangu. Kwa namna fulani sikukosea.

Aliishi mpaka mpunga ulipokwisha kuwekwa ghalani. Mpaka mwisho alikuwa ananiita. Ananiita niende tu, sina kazi ya kutumwa, nikifika anasema basi. Bibi alimgeuza, akamkogesha, akamlisha uji kwa kijiko, na kila mara mama alisema asante bibi, na bibi akasema haya. Siku ya mwisho alimwambia, kwa sauti ambayo ilibidi uinamie, "Nimekusumbua sana, bibi. Mungu atakulipa." Bibi akajibu amina. Nilitegemea atasogeza sikio amwambie arudie. Hakusogeza.

Kwenye mazishi watu walianza tena kumwita Mama Vene. Hakukuwa na cha kulinda tena. Waliingia uani wakilia, wakamkumbatia, pole Mama Vene, jikaze Mama Vene, jina likamrudia kwa wingi kwa siku moja. Alikuwa anaitikia.

Mama Kulwa alikuja na maziwa ya kupikia uji wa msibani, akayaweka mlangoni, akaondoka bila kuingia. Mwaka uliofuata wakahamisha ng'ombe wao kuelekea kusini, sikumwona tena.

Watu wachache niliowahi kuwasimulia haya huniambia mama yako alikupenda sana. Najua. Nimeambiwa mpaka nimechoka. Na bibi je, hakumpenda mwanawe? Mmoja alipenda akatoa mkono, mwingine alipenda akafunga meno, na pendo la huyu wa pili ndilo lililoniacha yatima kwenye nyumba yenye kikongwe mmoja. Nina watoto watatu sasa. Nikiwa na akili timamu najiambia ningefanya kama bibi. Halafu mmoja ananiita kutoka uani, "Mama," bila sababu yoyote, kwa uvivu tu wa kutafuta kiatu chake, na najua kwamba ningefunga meno. Kwa hiyo siwezi hata kumlaumu vizuri. Nina hasira naye, na hasira yenyewe haina pa kukaa.

Nilimwambia bibi siku ileile tuliyotoka makaburini. Alikuwa amekaa chini anachagua mawe kwenye mchele wa waombolezaji, sinia mapajani, wanawake wengine wamemwacha kidogo. Nilikaa pembeni yake. Nikamwambia mimi ningempa tu mama mkono. Asingenijua, lakini angekuwepo, ningekuwa namwona anapita. Nisingejali.

Bibi alitoa jiwe, akalitupa. Akatoa jingine.

"Ungejali," akasema. "Na mimi nilidhani sitajali."

Kisha akanipa sinia nishike upande mmoja, tukaendelea kuchagua, maana watu walikuwa hawajala tangu asubuhi.